Mlango wa Themanini na Nne

Redio Jirani ilinyamaza Jumatano alfajiri, katikati ya taarifa ya mvua. Radi ilipiga mara moja tu. Stima ikapotea Kayole nzima, ikarudi, lakini sauti ya redio haikurudi nayo. Saa tatu asubuhi bado ulikuwa mvumo mtupu, kama mafuta yanayochemka kwenye karai.

Mutheu Nzivo aliusikiliza mvumo huo akiwa ameketi kwenye kigoda barazani, twiga wa mti mapajani na msasa mkononi. Mumewe, Nzomo, ni mchonga vinyago. Yeye huchonga, Mutheu husugua na kupaka rangi ya viatu hadi mti ung'ae. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na minane, na miaka yote hiyo redio ilikuwa ikizungumza nao kutoka dirishani kama jirani asiyechoka. Wiki hiyo hasa walikuwa wakiihitaji. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, mto ulikuwa umevimba, na Redio Jirani ndiyo iliyokuwa ikiwaambia watu wa Tassia na wote wakaao kando ya maji ni daraja lipi linapitika na lipi limezama. Simu nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukosa chaji. Lakini redio ya betri, ploti gani ya wapangaji haina?

"Mama Kavutha," Nzomo akasema bila kuinua macho kutoka kwenye patasi, "si hizo ni mashine zako?"

"Mashine zangu zipi?"

"Zile ulizozifunga kule redioni. Ulikuwa ukilala huku unataja namba."

Mutheu akaendelea kumsugua twiga shingoni. Alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu alfajiri, na alikuwa ametumaini kwamba mumewe hatalitaja.

Mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, Mutheu aliajiriwa kuwa mpiga taipu katika kampuni moja ya kusafirisha data kule Industrial Area. Kampuni hiyo ilitumia mitambo iliyoitwa ATM, na jina hilo lilimsumbua maisha yake yote, kwa kuwa kila alipolitaja watu walidhani anazungumzia mashine za benki za kutolea pesa. ATM yake ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa swichi, sanduku la chuma lililojaa kadi na matundu ya nyaya, likipokea sauti, picha na maandishi, likivikatakata kuwa vifurushi vidogo vya saizi moja, likivirusha kwenye waya, na swichi mwenzake upande wa pili akiviunganisha tena bila kifurushi hata kimoja kuchelewa. Wahandisi walikuwa saba, wanaume watupu. Walichora ramani zao kwenye karatasi, Mutheu akazipiga taipu. Alizipiga nyingi hata akaanza kuona makosa yaliyomo. Na kwa kuwa wahandisi walichukia kuandika maagizo marefu kwenye kompyuta ya swichi, wakawa wakimwita: "Mutheu wa taipu, hebu njoo uandike." Mwaka wa tatu ulipoisha, Mutheu ndiye aliyekuwa akifungua poti, yale matundu ya nyaya, na kuunganisha njia, na wahandisi wako nje wanakunywa chai.

Kisha mzee mmoja aliyeitwa Abdiqadir, muuza vitambaa wa jumla, akaamua kuanzisha redio ya mitaa ya Eastlands. Mwaka wa elfu mbili na tatu akanunua swichi mbili kuukuu za kampuni hiyo: moja ya studio, nyingine ya kwenye mnara wa kurushia matangazo, juu ya kilima nje ya mji. Mhandisi mkuu, Bwana Kimanzi, akachora ramani. Mutheu akatumwa kwenda kuifunga. Ramani ikakataa. Alikaa nayo siku nne, akibadilisha hili na lile, hata sauti ikapita safi. Siku ya tano Bwana Kimanzi akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kwenye faili: "Imesanifiwa na kufungwa na Mhandisi Kimanzi." Ramani iliyobaki ndani ya faili ilikuwa ileile ya kwanza, ile iliyokataa.

Miaka mitatu baadaye kampuni ikafungwa. Wenye vyeti wakapata kazi kwingine. Mutheu hakuwa na karatasi hata moja iliyosema anajua lolote zaidi ya kupiga taipu.

"Nikienda kule nitasema mimi ni nani?" akamuuliza mumewe.

"Utasema wewe ndiye uliyezifunga."

"Hakuna karatasi inayosema hivyo."

Nzomo akaweka patasi chini. "Kwani hiyo mashine inasoma karatasi?"

Mutheu akamweka twiga juu ya meza, akanawa mikono kwa sabuni ya kipande hadi rangi ikatoka kwenye kucha, akavaa viatu vyake vya kanisani, akachukua mwavuli, akashuka ngazi.

*

Redio Jirani ilikuwa ghorofa ya tatu kwenye Spine Road, juu ya duka la magodoro. Mlangoni alipokewa na Sagal, binti ya marehemu Abdiqadir, ambaye ndiye meneja na ndiye mtangazaji wa asubuhi. Mtandio wake ulikuwa umekaa upande na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, kama ni tangazo la mazishi, nisamehe, leo hatuko hewani," Sagal akasema.

"Si mazishi. Nimekuja kuangalia swichi."

Sagal akamtazama: mwanamke wa makamo, sketi ndefu, mwavuli unaochuruzika maji. Lakini alikuwa ameshajaribu kila kitu tangu alfajiri, na mtu aliyeishiwa hachagui. Akampeleka chumba cha mitambo.

Ndani mlikuwa na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Odero, fundi wa kituo, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limemganda mgongoni. Wa pili alikuwa ameketi kwenye kiti cha pekee, faili la kijani magotini, miwani imeshuka puani. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe, lakini Mutheu asingekosa kumtambua hata gizani.

"Bwana Kimanzi," akasema.

Mzee akainua uso. Ilimchukua muda. "Ala! Mutheu wa taipu!" Akacheka, akamgeukia Sagal. "Huyu alikuwa msichana wa ofisi yetu zamani. Alikuwa na vidole vyepesi sana."

"Niaje, mathe," Odero akamwamkia kwa lugha ya vijana wa mtaani, kwa upole, akiwa amechoka. "Hizi si zile ATM za benki, lakini. Hii ni network."

"Najua ni nini, mwanangu. Niambie imekuwaje."

Odero akaeleza. Radi ilipopiga, stima ilipanda ghafla na kuchoma kadi kuu ya swichi, ile inayokumbuka mipango yote. Stoo kulikuwa na kadi mbili za akiba. Akaichomeka moja, ikawaka vizuri, lakini ilikuwa tupu, haikumbuki poti wala njia. Mitambo mipya ilikuwa imeagizwa, ila ilikuwa bado bandarini Mombasa. Mtandao wa simu kule mnarani ulikuwa dhaifu, hautoshi kubeba matangazo. Ndipo Sagal akamtafuta Mzee Kimanzi, aliyetajwa kwenye faili, na mzee akaja kwa hisani yake pamoja na mvua yote ile.

"Nimeandika kila kitu vile faili inasema," Odero akasema. "Neno kwa neno. Taa ya poti bado ni red."

"Kwa sababu ubovu uko mnarani," Kimanzi akasema. "Nimeshawaambia. Huku kwetu ramani ni sahihi. Barabara ya kilimani imezama, basi ni kungoja mvua ikatike."

"Watu wa kando ya mto hawawezi kungoja," Sagal akasema.

Mutheu akasogea, akasimama mbele ya swichi. Ilikuwa ileile, na mkwaruzo wa ubavuni aliouacha yeye mwenyewe kwa bisibisi. Miaka ishirini na moja, akawaza. Miaka ishirini na moja umefanya kazi bila mtu kukugusa. Kitu fulani kilimpanda kifuani, kikawa kizito na cha moto, na kwa sababu hakuwa amekionja siku nyingi alichelewa kukitambua. Ilikuwa fahari.

"Naomba tochi," akasema.

Odero akampa simu yake. Mutheu akapita nyuma ya swichi, akapiga magoti na viatu vyake vya kanisani, akamulika. Poti zilikuwa nane. Waya wa kwenda mnarani ulikuwa umechomekwa poti ya tatu.

"Huu waya uliukuta hapa?"

Odero akasita. "Ulikuwa ya nne. Lakini faili inasema ya tatu, so nikauhamisha."

"Njoo uone."

Kijana akainama kando yake. Poti ya tatu ilikuwa imezungukwa na vumbi la miaka, jeusi, limeshikana kama ukoko wa ugali. Ukingo wa poti ya nne ulikuwa safi.

"Mwongo anaweza kuandika kwenye faili," Mutheu akasema, "lakini vumbi halidanganyi. Poti ya tatu iliugua mwezi wa kwanza tu. Jicho lake la mwanga lilififia. Nikauhamishia waya kwenye ya nne."

"Ulihamisha wewe?" Kimanzi akauliza.

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mutheu akainuka, akapangusa magoti. "Ulikuwa Machakos kwenye harusi, mzee. Sauti ilikuwa imekatika. Ningemwomba nani?"

Sagal akamtazama mzee, akamtazama Mutheu, kisha akamvutia Mutheu kiti mbele ya kibodi.

"Kaa, mama."

*

Vidole vilikuwa vigumu. Alipoandika agizo la kwanza alikosea herufi mbili, na Kimanzi akakohoa. Akafuta, akaanza tena. Kisha mikono ikakumbuka yenyewe, kama mtu anayeingia nyumba ya utotoni na kujua pa kuinamisha kichwa. Akaifunga poti ya tatu. Akaifungua ya nne, akaipa mwendo wake, akaiambia iko upande upi wa mazungumzo. Odero akahamisha waya.

Sagal alikuwa amempigia Phares, mlinzi wa mnarani, akaweka simu juu ya meza kwa sauti ya juu ili wote wasikie.

"Phares, ile taa ya kwanza kwenye sanduku ni rangi gani?"

"Nyekundu, kama asubuhi." Kisha: "Ngoja. Ngojeni! Imekuwa kijani!"

Odero akapiga makofi mara moja, akajizuia. "Lakini bado hakuna sauti," akasema, akitazama mshale wa kipimo uliolala.

"Bado. Barabara imefunguka, ila mizigo haijui iende nyumba gani," Mutheu akasema. Akamgeukia. "Wewe unakaa wapi?"

"Umoja."

"Mtu akikuletea barua atahitaji namba ya ploti na namba ya mlango. Hapa pia ni hivyo. Kila kifurushi kimeandikwa namba mbili, ploti na mlango. Swichi inasoma, inasema: hiki kimeingia kwa poti ya kwanza, ploti hii, mlango huu, basi kitokee poti ya nne, ploti ile, mlango ule. Na namba tunazoandika huku lazima ziwe zilezile wanazongojea kule. Sauti umeipa mlango gani?"

"Faili ilisema ishirini. Mashine ikakataa. Hapo tu nikaiacha faili, nikaweka arobaini, nikaona bora iingie."

"Ilikukataza kwa haki yake. Milango thelathini na miwili ya mwanzo ni ya mashine zenyewe, ya kuambizana mambo yao. Ramani ya ishirini haikufanya kazi hata siku moja."

Shingo ya Kimanzi ikaingia damu. "Basi mnarani inangojea mlango gani? Hata kuingia kule kwa kompyuta huwezi, njia yenyewe imekatika. Utakisia namba elfu?"

"Sikisii. Ni themanini na nne."

"Hiyo haimo popote kwenye faili."

"Imo kule mnarani. Niliiandika mimi."

Hakuwaambia zaidi. Namba hiyo ilikuwa ya mlango wa kwao Makongeni, nyumba ya reli ambamo baba yake, fundi wa mabehewa, aliwalea watoto sita. Siku ile ya mwaka wa elfu mbili na tatu, alipohitaji namba ambayo hangeisahau hata akiamshwa usingizini, aliipa sauti ya redio mlango wa nyumbani kwao. Simu ya kituo akaipa tisini na moja, kwa kina Hibaq, majirani waliokuwa wakimpa sambusa kila mwezi wa Ramadhani. Aliona ni vyema milango hiyo miwili iendelee kupokea wageni.

Akaandika. Poti ya kwanza, ploti sifuri, mlango themanini na nne. Poti ya nne, ploti sifuri, mlango themanini na nne. Sauti, mwendo usiopungua, nafasi yake isiguswe na mwingine. Akabonyeza.

Mshale wa kipimo ukaruka.

"Nasikia!" Phares akapiga kelele kwenye simu. "Nasikia muziki! Lakini... ala, inakatika. Inaendelea. Imekatika tena. Kama mtu mwenye kwikwi."

Sagal akawasha redio ndogo iliyokuwa dirishani. Kweli. Wimbo ulikuja, mzuri, halafu ukameza mate, ukaendelea.

"Nilisema," Kimanzi akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na furaha ya kushinda, ilikuwa na uchovu tu. "Kuna kitu kimeungua kule juu. Tusijidanganye."

Kwa dakika nzima Mutheu hakujua kosa liko wapi. Aliangalia namba zote tena, mwendo, nafasi, upande. Zote zilikuwa kama alivyozikumbuka. Jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Akajiona vile ambavyo Kimanzi alimwona: msichana wa ofisi, aliyeingia mkutano usio wake. Sagal akatazama saa ya ukutani.

Kisha Mutheu akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Kwikwi. Moja, mbili, tatu... kumi na moja. Kwikwi. Moja, mbili, tatu... kumi na moja. Kwikwi.

Akafumbua macho. "Kitu kilichoungua hakihesabu," akasema. "Kinakatika ovyo. Hii inakuja kila baada ya sekunde kumi na moja, sawasawa. Hii ni saa."

"Saa gani?" Odero akauliza.

"Kila swichi ina saa ndani yake, ndiyo inayopiga hatua za kutuma na kupokea. Moja lazima iongoze, nyingine ifuate. Zikiongoza zote mbili, hii inakimbia kidogo, ile inachelewa kidogo, na kila baada ya muda mfupi zinakanyagana." Akamgeukia Kimanzi, na kwa mara ya kwanza akamwambia kama fundi anavyomwambia fundi. "Mzee, kwenye ramani ni nani kiongozi?"

"Studio," Kimanzi akasema. "Studio ndiyo makao makuu. Ingekuwaje mnara uongoze?"

"Kule mnarani kuna saa ya mtambo wa kurusha, imara, haiyumbi. Ya hapa inayumba kila stima ikiyumba, na Kayole stima huyumba kila siku. Niliupa mnara uongozi, na mpaka sasa bado unao. Sasa Odero amefuata faili, ameitawaza studio pia."

Odero akashika kichwa. "Mafahali wawili."

"Hawakai zizi moja," Mutheu akamalizia. "Andika wewe. Poti ya nne, saa ifuate waya."

Kijana akaandika, Mutheu akiwa amesimama nyuma yake na mkono juu ya mgongo wa kiti. Taa ya poti ikazima. Wimbo ukafa kabisa. Taa ikapepesa, nyekundu, ikapepesa tena, ikatulia kijani.

Wimbo ukarudi. Wakahesabu wote, hata Kimanzi, midomo yake ikicheza. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Ishirini. Thelathini. Wimbo ulitiririka kama maziwa.

Halafu wakaanza kusikia jambo jingine. Kutoka chini, kwenye duka la magodoro, wimbo uleule ulikuwa ukipanda. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha viazi karai, ulikuwa ukiimba. Kwa kinyozi, kwa fundi wa viatu, kwenye madirisha ya ghorofa zilizopangana hadi macho yachoke, redio zilizokuwa zimeachwa zikivuma tangu asubuhi ziliamka zote kwa pamoja, na Spine Road nzima ikawa na sauti moja. Mtu fulani huko chini akapiga mluzi. Mutheu akaenda dirishani, akashika kizingiti kwa mikono miwili, akasikiliza. Mvua ilimrashia uso na hakujifuta.

Sagal alikuwa ameshakimbilia studio. "Hapa ni Redio Jirani, tumerudi," sauti yake ikasema kutoka kila mahali. "Ndugu zangu wa Tassia, nisikilizeni kwa makini. Daraja la miguu la chini limezama, narudia, limezama, msilijaribu. Zungukeni kwa daraja la juu. Mlio kando ya maji, hamisheni wazee na watoto sasa, msingoje jioni..."

Aliendelea hivyo karibu nusu saa, akipokea simu za wasikilizaji, akitaja ploti, vichochoro, majina. Baadaye ilisikika kwamba familia kadhaa zilihama mchana ule kwa sababu ya tangazo hilo, na maji yalipofika hayakukuta mtu ndani.

*

Sagal alipotoka studio alikuwa amebeba kalamu. "Nataka kuandika kwenye faili," akasema. "Na nataka kushukuru hewani. Niandike nani? Mzee Kimanzi na...?"

Kimanzi alikuwa amesimama, koti mkononi, tayari kuondoka. Angeweza kuondoka. Mutheu alimwona akilitazama lile faili la kijani kwa muda mrefu, kidole kikipita juu ya sahihi yake ya zamani.

"Usiniandike," mzee akasema. "Wala pale nilipojiandika hapakuwa pangu." Akavua miwani. "Siku ya tano nilipofika hapa, binti yangu, nilijua si ramani yangu inayopitisha ile sauti. Nilijua. Marehemu baba yako alinishika mkono, akanisifu mbele ya watu, nami nikapokea. Nikajiambia nitamtaja kesho. Kesho hiyo ndiyo leo."

Mutheu alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka mingi, akiyapanga akilini wakati wa kusugua vinyago, na kila mara alijiona akijibu kwa maneno makali. Sasa yalikuwa yamekuja, na aliona mbele yake mzee tu, miwani mkononi.

"Umesema," akamwambia. "Ni sawa. Lakini kusema ni upepo, mzee. Nataka iandikwe."

"Iandike."

Mutheu akaketi. Hakutaka kupiga taipu. Aliandika kwa mkono, polepole, kurasa tatu: poti na hali zake, ploti na milango, nani aongoze saa na kwa nini. Pale penye jina la aliyefunga akaandika jina lake lote, Mutheu Nzivo, akaweka tarehe ya mwaka wa elfu mbili na tatu, na chini yake tarehe ya siku hiyo. Kisha akampa Odero kalamu, naye akatia sahihi kuwa shahidi. Kimanzi akaomba kalamu pia. Akapiga mstari mmoja, ulionyooka, juu ya jina lake la zamani, akaaga, akashuka ngazi taratibu akishika ukuta.

Odero akabaki akimtazama Mutheu. "Mama," akasema, na Mutheu akatambua kwamba lile neno "mathe" lilikuwa limekwisha, "hiyo stori ya saa, unaweza kunifunza tena kutoka mwanzo? Pole pole?"

Akamfunza hadi saa kumi jioni. Alimfanya afute kila kitu kwenye kadi ya akiba ya pili na kukiandika upya mara tatu, bila faili. Mara ya tatu hakukosea.

Mutheu alipofika nyumbani, mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Wanawake wa ploti walikuwa wamekusanyika mlangoni pake na redio katikati yao. Jina lake lilikuwa limetajwa hewani mara nne, na kila mmoja alitaka kumwambia yeye alilisikia mara ya ngapi. Nzomo alikuwa amesimama nyuma yao, kifua mbele, akipokea pongezi kama baba wa bibi harusi.

"Wameniuliza kama ni wewe kweli," akamwambia walipoingia ndani. "Nimewaambia, kwani mimi huoa watu gani?"

Mutheu akacheka mpaka akakaa chini.

Mitambo mipya ilifika baada ya wiki tatu, myembamba, myepesi, mtu angeweza kuibeba kwapani. Sagal alimpigia Mutheu mwenyewe: Odero alikuwa amekataa kuhamisha njia hata moja asipokuwepo. Kazi ilichukua siku mbili, na safari hii mkataba wenye jina lake ulikuwa mezani kabla hajakunja mwavuli. Siku ya pili mchana sauti ilikuwa tayari ikipita kwenye mitambo mipya, na swichi ya zamani ilikuwa ikivuma kwenye kona bila mzigo.

Odero akampisha njia kwa heshima. "Zima wewe, mama."

Mutheu akaweka kiganja juu ya chuma kile, kilichokuwa bado na joto. Akakiacha hapo kidogo, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Zima wewe," akasema. "Mimi niliiwasha."